Siku za Mwaka na Khabari Zake: Ipi Iliyothibiti, Ipi ya Uvumi?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, darsa yetu ya leo imetokana na karatasi moja. Katika mwezi wa Mfunguo Nne, yaani Muharram, ilipita hapa Machakos nyumba kwa nyumba karatasi iliyotaja mambo kumi ambayo ati yote yalitokea siku ya Ashura: kuumbwa kwa mbingu na ardhi, kutubiwa kwa Adamu, kutulia kwa safina ya Nuhu, kuokoka kwa Ibrahimu na moto, kutoka kwa Yunusi tumboni mwa samaki, na mengineyo. Chini yake imeandikwa ya kwamba atakayeinakili mara kumi atapata utajiri, na atakayeipuuza atafikwa na msiba.

Mama mmoja mjane alipoisoma aliingiwa na khofu. Akakopa dukani mchele na mafuta apate kufanya karamu ya siku ile. Na fedha aliyoiweka kwa ada ya skuli ya mwanawe ikaenda kulipa deni la dukani. Alikuja kutuuliza kama yaliyomo katika karatasi ile ni kweli. Hatukuwa na uso wa kumjibu upesi, kwani sisi wenyewe, miaka iliyopita, tulikuwa tukiwasomesha watoto madrasani orodha ile ile, na tuliisomesha kwa kuwa tuliikuta ikisomeshwa. Tulipomweleza ya kuwa mengi katika yale hayana asili, mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alituuliza, "Maalim, kama la safina halikuthibiti, basi la Badri nalo nitajuaje kuwa ni kweli?"

Swali hili ndilo darsa yetu. Mtoto akifundishwa khabari kumi, na kumi hizo akazipokea kwa imani moja, siku atakapogundua ya kuwa moja ni ya uongo, zote kumi zitatikisika. Basi yapasa tujue kuzichuja wenyewe kabla hazijachujwa na watu wasioitakia Dini yetu kheri.

Kukumbuka siku kuna asili

Isidhaniwe ya kuwa twakataza kukumbuka mambo ya kale. Katika Suratu Ibrahim, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatueleza ya kwamba alimwamrisha Nabii Musa awatoe watu wake gizani awapeleke kwenye nuru, na awakumbushe Siku za Mwenyezi Mungu. Wafasiri wamesema ya kuwa siku hizo ni siku za neema zake na siku za adhabu zake kwa kaumu zilizopita. Basi tarehe ni elimu, na mwenye kuipuuza amejinyima mafunzo.

Lakini tazameni jinsi Kurani inavyosimulia. Yatwambia ya kuwa safina ya Nuhu ilitulia juu ya Judi. Mahali pametajwa, tarehe haikutajwa. Yatusimulia khabari ya Watu wa Pangoni, kisha yatwambia ya kuwa ujuzi wa idadi yao tumwachie Mola. Na Usiku wa Cheo, ambao ni bora kuliko miezi elfu, tarehe yake imefichwa. Imepokewa katika Bukhari ya kwamba Mtume (S.A.W.) alitoka kuwaambia watu ni usiku gani, akawakuta watu wawili wakigombana, na ujuzi wa usiku ule ukaondolewa, akawaamrisha wautafute katika kumi la mwisho. Lau faida yote ingekuwa katika tarehe, usiku huu ndio ungalistahiki zaidi kutajwa kwa tarehe yake.

Jinsi watu walivyohesabu miaka

Waarabu wa kale hawakuwa na hesabu moja ya miaka. Waliita mwaka kwa tukio lake kubwa, na kwa hivyo Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa katika Mwaka wa Ndovu. Hata baada ya Uislamu, mwaka wa 18 wa Hijra, ulipoingia ukame katika zama za Sayyidna Umar, waliuita Mwaka wa Ramada. Wazee wetu wa Ukambani walifanya vivyo hivyo: waliihesabu miaka kwa majina ya njaa, na mpaka leo mzee akitaja Ngomanisye, watu wajua ya kuwa ni njaa kubwa ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, wakati reli ilipokuwa ikikaribia Nairobi. Hesabu ya namna hii humjulisha mtu mwaka. Mwezi na siku mara nyingi hupotea.

Zaidi ya hayo, Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakiiahirisha miezi mitakatifu na kuibadilisha mahali pake kama walivyopenda. Mwenyezi Mungu akalilaumu jambo hilo katika Suratu Tawba, aya ya 37, na Mtume (S.A.W.) akatangaza katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10, ya kuwa zama zimerudi katika mpango wake. Basi mwenye kutaja kwa uhakika tarehe ya mwezi ya jambo lililotokea kabla ya hapo, na hana mapokezi sahihi, ajue ya kuwa amesimama juu ya mchanga.

Hesabu yetu ya Hijra iliwekwa na Sayyidna Umar (R.A.) mwaka wa 17, na wengine wamesema 16. Imepokewa ya kwamba aliletewa hati ya deni lililoandikwa kuwa litalipwa katika Shaabani. Akauliza: ni Shaabani ipi? Hii tuliyo nayo, au iliyopita, au ijayo? Akawakusanya Sahaba akawataka shauri. Palitajwa kuzaliwa kwa Mtume, na kupewa kwake Utume, na kufariki kwake. Wakaafikiana juu ya Hijra, kwani ndiyo iliyoipambanua haki na batili. Tuzingatieni hapo: Sahaba walikuwa na nafasi ya kuchagua siku waitakayo, wakachagua safari ya taabu na kujitoa kwa ajili ya Mola.

Na mwaka huu wa mwezi una siku 354 au 355, umepunguka kwa yapata siku 11 kuliko mwaka wa jua, na kwa hivyo katika kila miaka 33 au karibu yake huzunguka majira yote. Mtu wa Machakos aliyetimiza umri huo ameifunga Ashura katika baridi ya Julai, na katika mvua za Novemba, na katika jua la Februari. Siku zetu hazikufungwa na mavuno wala na majira. Zimefungwa na amri ya Mwenyezi Mungu.

Siku zilizothibiti

Ashura yenyewe imethibiti. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), ni kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku hiyo, wakamwambia ya kuwa ndiyo siku ambayo Mwenyezi Mungu alimwokoa Musa na kumgharikisha Firauni. Naye akaifunga, akaamrisha ifungwe. Kisha, ilipofaradhiwa Ramadhani, ikabaki kuwa suna. Na siku hiyo hiyo, tarehe 10 Muharram mwaka wa 61, sawa na tarehe 10 Oktoba 680, aliuawa Sayyidna Husein (R.A.), mjukuu wa Mtume, huko Karbala. Mambo mawili haya yana mapokezi na tarehe. Ama ile orodha ndefu ya mambo kumi, Imam Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597, aliitia katika kitabu chake alichokusanya hadithi za uongo.

Vita vya Badri vilikuwa katika Ramadhani ya mwaka wa 2, na tarehe mashuhuri kwa wanavyuoni ni 17. Kurani imeitaja siku hiyo katika Suratul Anfal, aya ya 41, kuwa ni siku ya upambanuzi. Waislamu walikuwa watu mia tatu na kitu, na Makureshi karibu elfu moja. Wakafa mashahidi Waislamu 14, na majina yao yameandikwa vitabuni mmoja mmoja. Hili ndilo jawabu la kijana wetu: Badri twaijua kwa Kurani, na kwa mapokezi ya watu waliokuwako, na kwa majina ya waliokufa. Karatasi iliyopita Machakos haina hata jina la aliyeiandika.

Na siku ya Arafa ya mwaka wa 10 yajulikana kuwa ilikuwa Ijumaa. Myahudi mmoja alimwambia Sayyidna Umar ya kwamba lau aya ya kukamilishwa Dini ingaliteremka kwao, wangaliifanya siku ile kuwa sikukuu. Umar akajibu ya kuwa aijua siku ile na mahali pale: ilikuwa Ijumaa, Mtume (S.A.W.) akiwa amesimama Arafa. Aliijua tarehe yake barabara, wala hakuzidisha sikukuu mpya juu ya zile zilizowekwa na Mtume.

Tuhesabu kwa vidole

Sasa twendeni kwenye Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal. Kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.) siku ya Jumatatu kumethibiti katika Sahihi Muslim, yeye mwenyewe alitaja jambo hilo alipoulizwa juu ya kufunga Jumatatu. Ama tarehe ya mwezi, wanavyuoni wamekhitalifiana: wako waliosema 2, na 8, na 9, na 10, na 12, na hii ya mwisho ndiyo aliyoishika Ibn Ishaq na ndiyo iliyoenea. Katika karne ya kumi na tisa mwanafalaki wa Misri, Mahmud Pasha al-Falaki, alihesabu nyendo za mwezi akapata tarehe 9, sawa na 20 Aprili 571.

Na kufariki kwake kulikuwa Jumatatu, mwezi huo huo, mwaka wa 11, na watu wengi husema tarehe 12. Imam As-Suhayli wa Andalus, aliyefariki mwaka 581, aliipima kauli hii kwa hesabu ambayo hata mtoto wa madrasa aweza kuifuata. Kwa kuwa tarehe 9 Mfunguo Tatu, siku ya Arafa, ilikuwa Ijumaa, basi mwezi mosi ulikuwa Alkhamisi. Hapo mpaka Mfunguo Sita kuna miezi mitatu, na kila mwezi ni siku 29 au 30. Miezi yote mitatu ikiwa ya siku 30, tarehe 12 Mfunguo Sita yaangukia Jumapili. Ikiwa miwili ya 30 na mmoja wa 29, yaangukia Jumamosi. Ikiwa mmoja wa 30 na miwili ya 29, ni Ijumaa. Na ikiwa yote ya 29, ni Alkhamisi. Jumatatu haipatikani kwa njia yoyote.

Tena msikilizeni aliyemjibu, kwani insafu ni katika elimu. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774, alisema ya kuwa huenda watu wa Makka waliuona mwezi usiku wa Alkhamisi na watu wa Madina wakauona usiku wa Ijumaa. Na kwa hesabu ya Madina, miezi mitatu ikitimia siku 30, tarehe 12 yawa Jumatatu. Hivi ndivyo walivyokuwa maimamu wetu: walimpenda Mtume kuliko sisi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyowafanya waikague kila tarehe. Wala mmoja wao hakumtoa mwenzake katika Dini kwa hesabu ya mwezi. Nasi twawausia ndugu zetu wasitukanane misikitini kila ufikapo mwezi huu.

Mfano wa namna hiyo ni kupatwa kwa jua siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, mwaka wa 10. Watu walisema ya kuwa jua limepatwa kwa msiba ule. Mtume (S.A.W.), naye ni baba aliyefiwa siku ile, alikataa, akawaambia ya kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Baadaye al-Waqidi akapokea ya kwamba Ibrahim alifariki tarehe 10 ya mwezi. Ibn Taymiyya akaikataa tarehe hiyo kwa kuwa jua halipatwi katikati ya mwezi, hupatwa mwisho wake tu. Na wenye elimu ya nyota wamehesabu kuwa jua lilipatwa Madina tarehe 27 Januari 632, mwisho wa Mfunguo Mosi. Tarehe ya uongo ilishikwa na mbingu zenyewe.

Zilizovumishwa na zinazoogopwa

Israi na Miraji ni haki, na mwenye kuikanusha Israi ameikanusha Kurani. Ama kwamba ilikuwa usiku wa 27 Rajabu, halikuthibiti. Ibn Hajar katika sherehe yake ya Bukhari ametaja kauli zaidi ya kumi juu ya wakati wake. Twaweza kusomesha kisa cha Miraji siku yoyote, na zawadi yake, nayo ni Sala tano, twaipokea kila siku. Ajabu ni mtu kukesha usiku mmoja wa Rajabu kisha akalala Alfajiri yake.

Wako pia wanaoogopa siku. Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano, wengine huiita siku ya nuhusi, hawasafiri wala hawafungi ndoa, na huandika makombe wakanywa. Mtume (S.A.W.) ameikanusha itikadi ya kisirani cha Safar. Siku haidhuru wala hainufaishi. Ni chombo cha amali zetu. Mjane wetu hakudhuriwa na Muharram. Alidhuriwa na karatasi.

Siku za nchi yetu

Twaulizwa: je, na siku za nchi yetu? Jawabu ni kuwa hizi ni katika mambo ya mipango ya watu. Hatuzifanyii ibada, lakini mafunzo yake twayachukua, na khabari zake twazikagua kwa mizani ile ile.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na usiku ule wakaanza kukamatwa viongozi, miongoni mwao Paul Ngei, mtu wa hapa Ukambani, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne. Siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta. Katiba ya mwaka 2010 ikaiita Siku ya Mashujaa, na mwaka 2016 sherehe yake ya taifa ilifanywa hapa hapa Machakos. Jina limebadilika na tukio halikubadilika. Hili nalo ni funzo: tushike tukio, tusifungwe na jina.

Kabla ya hapo, mwaka 1938, serikali hiyo iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu, wakauzwa kwa bei ya chini, ati kwa kuilinda ardhi. Mwezi wa Julai maelfu ya watu, wake kwa waume, walikwenda Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Lakini mwisho wake serikali ililiacha lile shuruti. Wangapi katika watoto wetu waijua khabari hii? Waijua ya samaki wa Yunusi pamoja na tarehe ya kubuni, na hawaijui ya babu zao.

Wala tusichague siku zinazotupendeza tu. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Wenye misafara na wenye kununua walikuwamo Waislamu, na Mtume wetu aliyehimiza kuacha watu huru hakuridhia dhulma ile. Na Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 watu waliojinasibisha na Dini yetu waliripua ubalozi wa Marekani Nairobi, wakafa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini mwao au njiani, na Waislamu walikuwamo. Mwenye kuwafundisha watoto siku za ushindi na akawaficha siku za makosa, amewafundisha majivuno.

Mambo ya kufuata

Kwanza: kila khabari ya siku itakayosomwa darasani, msomaji aulizwe: nani ameipokea, na imo katika kitabu gani? Asiyejua aseme sijui, na asione haya.

Pili: siku iliyowekewa ibada na Mtume (S.A.W.), kama Arafa na Ashura, tuitimize kama alivyoitimiza; isiyowekewa, tusiizidishie. Na sadaka ni njema kila siku, kwa mwenye nayo. Kukopa kwa ajili ya karamu, na watoto wakakosa ada, si sadaka.

Tatu: vijana wetu wachukue daftari, waende kwa wazee wa Machakos na vijiji vyake, waandike tukio, na tarehe, na jina la msimulizi, na kama alikuwako au aliambiwa na nani. Huo ndio usanadi wa wanavyuoni wetu, na tarehe ya mji huu na ya misikiti yake yahitaji kuandikwa namna hiyo kabla wazee hawajaondoka.

Ama mjane wetu, watu wa darasa walichanga wakailipa ile ada. Na kijana wake ndiye tuliyempa daftari la kwanza. Ukurasa wake wa mwanzo ameandika Vita vya Badri, na mbele yake majina ya mashahidi 14.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atuepushe nayo. Wabillahi Ttawfiq.